Mdanzi Hauchanui Januari

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tarehe kumi na tisa ya Januari, baada tu ya sala ya adhuhuri, Batul alikuwa amekaa kitandani katika chumba cha juu, mtoto mapajani, akasikia harufu ya maua ya mdanzi ikipanda ngazi. Mtu yeyote wa Fez angekwambia hapo pana kasoro. Maua ya mdanzi ni ya mwisho wa Machi, tena hayakai hata mwezi. Januari mdanzi una madanzi machungu na majani yaliyolowa mvua, basi. Batul alisogeza pazia akachungulia uani. Mti ulikuwa vilevile kama jana, ua hata moja hakuna.

"Bi Rkia," akaita kwa sauti ya chini, maana mtoto alikuwa kwenye nusu usingizi. "Umemwaga maji ya maua?"

"Niyamwage kwa sherehe ya nani?" Bi Rkia akajibu kutoka jikoni. Kisha naye akaisikia. Bi Rkia alikuwa mpishi wa nyumba hiyo tangu enzi za mama yake Batul, na pua yake ilimtosha kujua chumvi ya mchuzi bila kuuonja. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, akauzunguka mti, akanusa hapa, akanusa pale, mwisho akainama juu ya tundu la kutolea maji lililo katikati ya ua, lile lenye kifuniko cha shaba chenye matobo. Alipoinuka, uso ulikuwa umembadilika.

"Funga dirisha, mwanangu," akasema. "Na umvishe mtoto kofia."

Batul akafunga. Akamweka Yunus kwenye titi. Yunus akageuza uso.

Akamgeuzia titi la pili. Akageuza uso tena, bila kulia, kama mtu aliyeshiba anapokaribishwa chakula. Batul alikuwa na miaka arobaini na moja, na mtoto huyu alimpata baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, dua, madaktari na maneno ya wifi zake. Yunus alikuwa na siku kumi na tatu tu. Batul alimwinamia kumbusu. Harufu ya maua ilikuwa mdomoni mwa mtoto.

Sasa, ili jambo hili lieleweke, ni lazima nirudi nyuma kidogo.

Kazi ya Batul ilikuwa kupanga safari za watu. Yeye na mdogo wake Mfadal walirithi nyumba ya mama yao na kuifanya ya wageni. Mfadal aliwapokea na kuwachekesha, Batul aliwaandikia kabla hawajaja. Wote waliuliza swali moja: tuje lini? Naye alilijibu kama mkulima anayeulizwa shamba lake. Anayetaka maua na aje mwisho wa Machi, aone maua yakichemshwa kwenye chungu cha shaba na mvuke wake ukitoneshwa kuwa maji ya mdanzi. Anayetaka komamanga, Oktoba. Mpenda jua, Mei. Na mwenye ugomvi na mama mkwe wake amlete mwisho wa Julai, zile siku arobaini za joto, atamrudisha kwao amenyooka.

Lakini kwa Liyali, siku arobaini za baridi zinazoanza tarehe ishirini na tano Desemba, jibu lilikuwa moja: tumefunga. Ndivyo alivyotaka mama yao, Lalla Tamu, Lalla ikiwa ndiyo "Bibi" ya huku kwetu. Liyali ikiingia, hapikiwi mgeni, haogeshwi mgeni, na kila alasiri Lalla Tamu aliweka bakuli la maziwa kando ya lile tundu la maji. "Watu wa chini nao wana wageni wao," ndilo neno pekee alilolisema, na watoto wake walicheka mpaka wakakua. Alipofariki, Mfadal alivumilia Liyali ya kwanza kwa heshima ya msiba. Ya pili ikamshinda.

"Wabelgiji wanane, dada," alimwambia Batul mwezi wa Novemba. "Vyumba vyote, siku nne za Januari. Au niwajibu kwamba watu wa chini wameshachukua nafasi?"

"Wanataka kuona maua yakitoneshwa. Januari, Mfadal. Hayo maua nitayatoa kwenye friji?"

"Wewe wakubalie. Maji ya maua ya mwaka jana yapo, maua makavu yamejaa sokoni, chungu cha mama kipo. Mzungu anataka mvuke na picha. Atajuaje harufu ya Machi na ya Januari?"

Batul alicheka. Alikuwa na tumbo la miezi saba, miguu imevimba, hakuwa na nguvu ya kubishana. Akakaa kwenye kibao karibu na tundu la maji, maana hapo ndipo simu iliposhika mtandao vizuri, akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Njooni wakati wowote. Nyumbani kwetu hapana msimu mbaya."

Akalipenda hilo neno. Akalirudia mara mbili kabla ya kulituma.

Wabelgiji wakaja. Yunus akawatangulia kwa siku tatu tu, akazaliwa alfajiri, mzima. Tarehe kumi, mtoto akiwa na siku nne, Batul alikuwa dirishani akitazama maigizo ya mdogo wake. Mfadal alikuwa amevaa joho la marehemu baba yao, anatupa maua makavu chunguni kama mfalme anayetunza watu, na akigeuka anamimina maji ya maua ya chupani kwa siri. Wageni walifurahi sana. Ikabaki kumwaga yale maji yaliyochemka, chungu kizima.

Huku kwetu maji ya moto hayamwagwi hivihivi. Kwanza unamwaga kata moja ya maji baridi. Unapiga Bismillahi. Unasema, "Tupisheni, wenye mahali," halafu unangoja kidogo, ili aliye chini apate kukusanya wanawe. Hata profesa wa chuo kikuu asiyeswali hufanya hivyo, akijifanya anakohoa. Bi Rkia angefanya, lakini Bi Rkia alikuwa ametumwa mkate. Mfadal aliinua chungu kwa vishikio viwili, akawakonyeza wageni, akayapiga maji yote kwenye tundu kwa mara moja.

Chini kikalia kitu. Sauti nyembamba, ndogo, ya mara moja tu. Kisha ikafuata sauti nyingine ya mkubwa, ambayo haikulia. Ilivuta pumzi tu, ndefu, ndefu, mpaka mtu ukajiuliza kifua hicho kina ukubwa gani.

"Nini hicho?" mgeni mmoja akauliza.

"Paka wa jirani," Mfadal akasema akicheka.

Batul aliona, na alielewa. Angeweza kushuka wakati ule ule na kumwaga maji baridi, akaomba radhi. Badala yake alifunga pazia, akamkumbatia mwanawe na kujiambia ni paka.

Siku ya pili ya harufu, Yunus hakunyonya. Ya tatu hakunyonya. Maziwa yalimjaa Batul mpaka nguo zikalowa, kifua kikawa moto na kigumu, na mtoto akawa anamtazama kwa utulivu na kugeuka. Mumewe alikuwa Uhispania kwenye uchumaji wa machungwa, asirudi mpaka machipuko, na kwenye simu Batul alimwambia mambo ni mazuri. Siku ya nne alimfunga mtoto mgongoni, akampeleka zahanati akiwa na hakika ataambiwa mtoto anakufa kwa njaa.

Mkunga akamweka kwenye mizani. Akamtoa, akamweka tena.

"Mashallah, Lalla. Ameongezeka kuliko wote wa wiki hii. Unakula nini, utuambie na sisi?"

Batul akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni. Alirudi nyumbani akipita katikati ya watu kama kiziwi, na mtoto mgongoni akamtolea mbweu ndogo ya shibe, yenye harufu ya maua.

Akamkuta Mfadal jikoni ameficha mikono chini ya meza.

"Ionyeshe," Bi Rkia alikuwa akimwambia.

"Ni baridi tu, imenipasua."

"Baridi haitoi malengelenge. Ionyeshe, Mfadal, nilikuogesha hiyo mikono kabla hujajua jina lako."

Akaiweka mezani. Ilikuwa nyekundu hadi viwikoni, ngozi imeinuka na kuvuja. Akaeleza kwa sauti ya kunong'ona kwamba ni tangu juzi. Akifungua bomba, maji ya baridi yanayotoka mlimani, yakimgusa yanamuunguza. Ya kisimani yanamuunguza. Asubuhi alitaka kutia udhu, akapiga kelele, na kwenye ndoo ile ile Bi Rkia alitia mkono akakuta maji yanakaribia kuganda.

"Ulipiga Bismillahi siku ile?" Bi Rkia akamuuliza.

"Nilipiga."

"Ulimwaga ya baridi kwanza?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Bi Rkia. Ya nini kuyarudia?"

Batul alimtazama mdogo wake na kwa mara ya kwanza maishani akamchukia.

Kesho yake alasiri mvua ilinyesha. Batul alikuwa hajalala vizuri siku tano, na usingizi ulimkamata amekaa ukutani, mtoto kwenye godoro dogo pembeni yake, mkono wake juu ya blanketi ili mtu asipite bila yeye kujua. Kilichomwamsha hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya kumeza, taratibu, ya mtoto anayenyonya kwa raha, na kwa kitambo kifupi alidhani ni kwake anakonyonya, akatabasamu macho yamefumba, mpaka akahisi mkono wake umekaa juu ya blanketi tupu. Akafumbua macho, na chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha, mwanga wa kijivu wa mvua unaoonyesha kila kitu, na aliona maji yaliyotiririka kutoka mlangoni kwa nyayo, wayo mmoja baada ya mwingine, kila wayo ukifuka moshi mwembamba juu ya vigae, ukiingia, ukija, ukisimama kando ya godoro, na juu ya godoro, shubiri moja juu ya shuka, Yunus alikuwa amelala hewani, kichwa kimeinuliwa kidogo na shingo imepinda kama ilivyo shingo ya mtoto aliyepakatwa kwenye kiwiko cha mtu, kiganja chake kidogo kimekandamiza kitu ambacho hakikuonekana, kinabonyeza na kuachia, kinabonyeza na kuachia, midomo inavuta, koo linapanda na kushuka, na pembeni ya mdomo linachirizika tone jeupe. Na harufu ya maua ilikuwa nzito hata ikakaa ulimini, na chini ya maua palikuwa na harufu ya nyama iliyotokoswa.

Batul hakupiga kelele. Aliogopa akimshtua aliyempakata atamwangusha mtoto. Alisema tu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Nipe mwanangu."

Kumeza kukasita. Kitu kikageuka kumtazama, alikihisi kikigeuka, hewa ya moto ikampiga uso. Kisha mtoto akashushwa kwenye godoro, polepole, akafunikwa blanketi mpaka kidevuni, na nyayo zikarudi zilikotoka bila haraka.

Fakihi Allal, anayewasomea waliopagawa, alikuja siku iliyofuata kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mfupi aliyetengeneza saa za ukutani karibu na msikiti, na siku hiyo alivaa soksi za rangi mbili, kwa sababu Bi Rkia alimvuta mlangoni kwake bila kumpa nafasi ya kutafuta. Aliketi kwenye kibao karibu na tundu, akaagiza bakuli la maji ya kisimani, akayasomea kwa muda mrefu. Bi Rkia alimshika mtoto. Batul na Mfadal walikaa mkekani kama watoto wa chuo.

"Nani alimwaga?" fakihi akauliza.

"Mimi," Mfadal akasema. "Lakini nilipiga Bismillahi, fakihi. Wallahi nilipiga."

"Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Vizuri. Kunywa maji haya, kisha uniambie hivyo hivyo."

Mfadal akalitazama bakuli, akamtazama dada yake. Macho yake yalimwomba. Toka wakiwa wadogo Batul ndiye aliyemkingia kwa baba, alisema ni yeye aliyevunja, ni yeye aliyepoteza. Neno moja lingetosha. Lakini Batul alikuwa na siku sita za maziwa yanayomwagika bure, na alitaka mdogo wake aungue. Alilitaka hilo kwa moyo wake wote.

"Kunywa, mdogo wangu," akasema.

Mfadal akainua bakuli kwa viganja vilivyofungwa vitambaa. Maji yalikuwa baridi, Batul aliyateka mwenyewe. Yalipogusa midomo yakachemka. Bakuli likaanguka, Mfadal akajikunja akishika koo, na kilio chake kikakatika ghafla mahali pasipo pa kukatikia. Akaketi wima. Ngozi ya mdomo ilikuwa imebabuka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, tulivu, iliyochoka.

"Alikuwa na siku nne," sauti ikasema. "Kama wako, Batul. Walizaliwa alfajiri moja. Nilikusikia unavyosukuma, nikasema, leo tunasukuma wawili."

Fakihi akamtaka aseme yeye ni nani.

"Mimi ni mwenye mahali. Tamu nilimjua angali bibi harusi, tukaahidiana: joto lenu, baridi yangu. Siku zangu arobaini nizae nilee, hapana mgeni, hapana maji ya moto. Nami nikawalindia nyumba. Miaka hamsini, uliona mwizi humu? Uliona hata nge? Kisha mmeuza arobaini yangu kwa watu wa picha."

"Una haki," fakihi akasema, na Batul aliona jasho likimtoka kwa baridi ile. "Hakuna anayekataa. Lakini mtoto halipwi kwa mtoto. Dai kingine. Kuku mweusi, maziwa, chakula kisichotiwa chumvi, utawekewa kila Liyali."

Mdomo wa Mfadal ukacheka, damu ikamtoka.

"Kuku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Allal, na wewe hukuzaa. Nani kakwambia naua? Muuaji ndiye huyu ninayesemea mdomoni mwake. Mimi nina maziwa yamejaa na mtoto sina. Nanyonyesha tu."

Batul akatambaa hadi miguuni pa mdogo wake. "Nisamehe, mama. Niliona nikafunga pazia. Nisamehe."

"Najua ulifunga," sauti ikasema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Nilingoja ushuke."

Fakihi akaanza kusoma kwa sauti kuu. Akasoma mpaka alasiri, koo likamkauka, akaendelea kwa mnong'ono. Kifuniko cha shaba kilitetemeka, mvuke ukapanda ukaulowesha mdanzi wote, na mwishowe sauti ikasema, kama mtu anayekubali jambo dogo, "Basi. Mgeni akitolewa, hutoka." Mvuke ukanywewa chini. Mfadal akaanguka kifudifudi. Ua ukanuka mvua na madanzi yaliyooza, harufu nzuri ya Januari, na Bi Rkia akaketi palepale kwenye maji akalia.

Jioni ile Yunus alinyonya. Alimnyonya mama yake kwa pupa, titi la kwanza na la pili, na Batul alilia kwa furaha mpaka machozi yakamdondokea mtoto usoni. Bado alikuwa analia fakihi alipoaga. Alisimama mlangoni akivaa viatu, akavaa, akavua, akavaa tena.

"Lalla Batul," akasema bila kumtazama. "Alimnyonya yule mara ngapi?"

"Sijui, fakihi. Siku sita. Mara nyingi."

"Ee." Akafunga kamba ya kiatu. "Wengine wanasema ni mpaka mara tano. Sisi huku tunasema mara moja inatosha."

"Inatosha nini?"

"Kuwa mama," fakihi akasema. "Mgeni nimemtoa. Mama mzazi na mama wa kunyonyesha siwezi kuwatoa, hapana kisomo cha hivyo." Akaondoka, na pesa alizopewa akaziacha juu ya kizingiti.

Wakafunga nyumba hadi Liyali iishe. Mfadal alikaa hospitali mwezi mzima, na daktari aliandika kwamba ni ajali ya maji ya moto, asiulize zaidi. Mikono ilikauka imejikunja. Sauti ilibaki ya kukwaruza, na mizaha ikaisha. Hadi leo hutayamamu kwa jiwe badala ya kutawadha kwa maji, na mvua ikinyesha hujifungia ndani. Batul alimlisha kwa kijiko, na siku nyingine alipokuwa akimfuta mdomo alikumbuka neno alilosema, kunywa mdogo wangu, akaona aibu. Siku nyingine hakuona.

Machi ikaja, mdanzi ukachanua kwa wakati wake. Mume akarudi, wageni wakarudi, maua ya kweli yakatoneshwa, na Bi Rkia akamwaga kata tatu za maji baridi badala ya moja. Batul alijifunika pua mpaka msimu ukapita. Yunus alinawiri. Akaota meno, akatambaa, akaanza maneno. Neno baba alilisema. Bi Rkia alimwita Kia. Paka na mkate alivitaja, hata Mfadal alimwita Fadu. Ila Batul, huyo hakumwita kitu. Akimtaka alimvuta nguo tu, kwa upole, kama unavyomvuta mtu usiyejua jina lake.

"Watoto wako hivyo," mumewe akasema. "Neno hilo atalisema."

Desemba ilipokaribia, Batul akapanga safari moja kwa ajili yake mwenyewe. Agadir, baharini, siku arobaini, tiketi za basi za tarehe ishirini na tatu. Walipotoka nje ya lango la mji mtoto akawaka homa hata akazungusha macho. Wakarudi, na alipoguswa na kivuli cha mlango wa nyumba yao akapoa, akaomba mkate. Wakajaribu tena jioni. Wakajaribu kesho yake. Mara ya tatu mumewe akazirarua tiketi, akanunua saruji, akaliziba lile tundu kwa unene wa mkono.

Tarehe ishirini na tano Batul alishuka asubuhi, akakuta saruji imekuwa unga wenye majimaji, vuguvugu. Kifuniko cha shaba kilikuwa kimewekwa kando, kimesafishwa, kinang'aa. Aliweka bakuli la maziwa. Akamwaga maji baridi, akaomba radhi, akaomba tena. Yunus alikuwa anatambaa kutoka jikoni, amechangamka, anacheka peke yake.

Batul akapiga magoti akafungua mikono. "Njoo, Yunus. Njoo kwangu."

Mtoto akaja. Alikuja moja kwa moja, akimtazama usoni, na alipofika kwenye mikono yake akapita chini yake, akaenda akalala kwa tumbo ukingoni mwa tundu, akaingiza kichwa.

"Mama," akasema.

Harufu ya maua ikapanda. Na kule chini, kwa upole, sauti ikamjibu kwa neno ambalo Batul alilijua herufi kwa herufi, maana ni yeye aliyelitunga, amekaa hapohapo.

"Njoo wakati wowote. Nyumbani kwetu hapana msimu mbaya."

Batul akamdaka mguu, akaushikilia kwa mikono miwili, akavuta, na wa upande wa pili naye akavuta, bila ukali, bila haraka. Alipiga kelele mumewe akaja, Bi Rkia akaja, wakamshika watatu. Jua lilipozama yule wa chini akaachia. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Liyali. Zilibaki thelathini na tisa.